Barua kwa mwanangu: kile kitabu ulichoniachia

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Kitabu chako nimekimaliza jana baada ya Isha, na leo kutwa nagombana nacho. Mama yako ananicheka. Ulisema, "Baba, huyu Abdulrazak Gurnah ni wetu, kapewa Nobel ya fasihi mwaka 2021, soma riwaya yake Afterlives kabla sijaondoka." Haya, nimesoma. Hakikunikaa, na sababu nakwambia wewe kwa kuwa unakwenda hukohuko Ujerumani.

Sikuanza na chuki. Peponi, riwaya yake nyingine, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis, niliipenda mpaka nikamwazima imamu, na hajairudisha. Hata hiki nilikwenda nacho vizuri, kamusi pembeni: Khalifa na maneno yake, Bi Asha na ulimi wake, Hamza katika karakana ya mbao. Lakini Ilyas je? Anamwacha dada yake mdogo, Afiya, anakwenda kuwa askari wa Mjerumani, na kimya. Vita vinakwisha. Afiya anasubiri. Anaolewa, anazaa, mtoto anampa jina la kaka yake, bado anasubiri. Nami nasubiri naye. Halafu mwisho kabisa, katika kurasa chache, mpwa anafika Bonn, anapekua makaratasi, tunaambiwa mjomba aliishi huko, aliimba vilabuni, alifia Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi, mwaka 1942. Basi! Nilitaka nimwone walau usiku mmoja, karatasi nyeupe mbele yake, ameshaandika "Dada yangu" na hajui aendelee vipi.

Najua utasema mwandishi kakusudia, kwamba watu wetu huko walibaki mistari miwili ndani ya faili. Yupo wa kweli, Bayume Mohamed Husen wa Dar es Salaam, naye alifia kambi hiyohiyo, mwaka 1944. Sawa. Faili ni faili. Mwenye riwaya alikuwa na nafasi.

Kwa hiyo andika. Usiniambie kuna WhatsApp. Tiki mbili za buluu zinanijulisha kwamba umesoma, hazinijulishi umekula nini. Watu wa mtaani wananiuliza, "Mwalimu, binti anakwenda kusomea uuguzi Ulaya?" nami najibu kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa. Ila wewe una tabia ya kunyamaza ukikwama. Mwaka jana ulilazwa siku nne Dar tukaja kusikia kwa jirani. Huko jirani atakuwa nani? Andika hata ukiwa huna la kusema.

Pale Afiya anapovunjwa mkono kwa kosa la kujua kuandika, nilikifunga kitabu nikaenda kumwagilia mchicha. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Mama yako alinitazama tu. Lile daftari lako silirudii hapa. Moto ule haukuwa na haja. Na wewe nawe ulikuwa umefeli hesabu, tusisahau.

Bati la jikoni bado linavuja. Fundi kachukua nusu ya pesa na simu haipokei. Zamu ya mama yako kwenye mchezo ni mwezi ujao, kwa hiyo hela ya dawa za presha usituletee, kaa nayo, utaihitaji ukifika. Mbuzi mweupe kazaa mapacha.

Mama yako kakununulia koti la mtumba pale Ngamiani, zito kama godoro. Kifungo kimoja kilikosekana. Nimeshona kingine, nimekitoa kwenye koti langu la kufundishia. Rangi hazifanani, utavumilia. Mfuko wa ndani nimetia bahasha kumi na mbili, zote nimeshaziandika anwani ya hapa. Stempu utanunua huko, zetu hazifai.

Na andika kwa Kiswahili, mama yako naye asome mwenyewe.

Baba yako