Hoja ya mfumo wa kura isiachiwe mengineyo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanachama wenzangu wa vyama vyote, wale ambao kila uchaguzi ukipita hulalamika kwamba mfumo wetu wa kura, wa anayeongoza ndiye mshindi, haufai na twende kwenye uwiano, yaani chama kipate viti kulingana na kura zake, wakimaliza kulalamika wanasubiri uchaguzi mwingine. Mimi ni mwanachama wa siku nyingi wa chama ambacho sitakitaja, na nimewahi kuwa katibu wa tawi huku Temeke. Ninachotaka kusema ni kwamba mageuzi haya hayataanzia bungeni. Yataanzia kwenye vikao vya chama, na huko hoja nyingi hufa kwa namna zinavyoletwa, hata pale ambapo wajumbe wengi wanazikubali.

Tusome Katiba. Ibara ya 67 inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama hicho. Ibara ya 71 inamvua ubunge akiacha uanachama. Na Katiba yenyewe haibadilishwi bila theluthi mbili ya wabunge wote. Sasa ni mbunge gani atasimama adai viti vigawanywe kwa uwiano wa kura, au Rais apatikane kwa zaidi ya nusu ya kura kama ilivyokuwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 2000, wakati chama kilichompitisha hakijatamka lolote?

Anayehudhuria vikao vya tawi anaijua ajenda yetu kwa moyo: kufungua kikao, kuthibitisha ajenda, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, mapato na matumizi, mengineyo, kufunga. Hoja ya mfumo wa kura huibukia kwenye mengineyo. Muda huo jua linazama, mwenyekiti anachungulia simu, na wa Mbagala wanawaza foleni ya Barabara ya Kilwa. Kijana anasimama, anaongea vizuri kweli, anapigiwa makofi. Katibu anaandika: “Wajumbe walijadili suala la mfumo wa uchaguzi.” Imetoka hiyo. Hakuna azimio, na bila azimio hakuna cha kupeleka kata, wala cha kata kupeleka wilaya.

Dawa yake haina makuu. Hoja iandikwe ukurasa mmoja, imfikie katibu kabla hajasambaza ajenda, ipewe namba yake, na mwisho wa mjadala kikao kiazimie. Hapo kikao kijacho lazima ikutwe kwenye yatokanayo, na mwenyekiti atalazimika kueleza imefika wapi. Viongozi wanaokwepa hoja hawapendi yatokanayo hata kidogo.

La pili ni kujua kura zenyewe ziko kwa nani. Mwaka 2021 huko Brighton, mkutano mkuu wa chama cha Labour cha Uingereza ulipigia kura hoja ya kuachana na mfumo wa anayeongoza ndiye mshindi na kwenda kwenye uwiano. Wajumbe wa majimbo waliiunga mkono kwa karibu asilimia 80, lakini ikaanguka, kwa sababu nusu ya kura za mkutano ule ziko mikononi mwa vyama vya wafanyakazi na washirika wengine, na hao karibu wote walikataa. Watetezi wa hoja hawakupoteza muda kuwahubiria waliokwisha kuongoka. Kazi ikahamia kwenye vyama vya wafanyakazi vyenyewe, Unite na UNISON vikabadili msimamo, na Septemba 2022 pale Liverpool hoja ikapita.

Kwetu wenye uzito wa namna hiyo ni jumuiya na mabaraza ya chama, hasa ya wanawake. Hapa watetezi wa uwiano wengi huteleza. Mama aliyehangaika miaka kumi kupanda ngazi hadi orodha ya viti maalum akisikia “mfumo mpya” anasikia kwamba kiti chake kinaondoka, na ana haki ya kuogopa. Hoja isiyomjibu haitapita, na isipite. Iandikwe humo humo kwamba orodha ya chama, ile ambayo majina ya kujaza viti vya uwiano yatachukuliwa, itapangwa mwanamke na mwanamume kwa kupokezana. Kisha akumbushwe kwamba uwiano si kitu kigeni nchini: chama kinachopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge nchi nzima hupata viti maalum kulingana na kura zake. Mpiga kura wa Temeke ambaye mgombea wake ameangushwa jimboni, kura yake bado inahesabika huko. Tunachoomba ni hesabu hiyo ipanuliwe.

Wapo watakaouliza, “Na mbunge wetu wa jimbo je?” Ujerumani na New Zealand wanaye wa jimbo na wanaye wa orodha, wote ndani ya bunge moja.

Nirudi Uingereza kidogo, maana kisa hakikuishia Liverpool. Ilani ya chama huidhinishwa na kikao kingine, na kiongozi wao Keir Starmer hakulipatia suala hili kipaumbele. Ilani ya 2024 ikatoka bila ahadi hiyo. Chama kikapata viti zaidi ya 400 kati ya 650 kwa takriban asilimia 34 ya kura, na mfumo ukabaki ule ule. Aliyebebwa na mfumo namna hiyo, utamwambia nini akuelewe?

Kwa hiyo wanaoandaa rasimu kwa ajili ya vikao vijavyo waongeze aya moja: azimio likabidhiwe kwa kamati inayoandika ilani, itajwe tarehe ambayo kamati hiyo itarudisha taarifa kwenye Halmashauri Kuu au Baraza Kuu, na atajwe kwa cheo mtu atakayeisoma taarifa hiyo mbele ya wajumbe.

Katibu wa tawi mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam