Barua kwa Musa: wati kwanza, mapigo baadaye

Kaka Musa,

Salamu kutoka Arusha. Wenzako wa barabara ya Moshi wanakuulizia kila Jumamosi, na wote wanataka kujua kama joto la Dar limeshakumaliza.

Faili la mazoezi yako ya baiskeli nimelipitia. Zile intavali tano za dakika nne, yaani vipindi vya kukazana na kupumzika katikati, ulizianza kwa wati 310, nguvu unayoitia kwenye pedeli, ukiutafuta moyo ufike mapigo 170 kwa dakika. Ulipofika, miguu ilikuwa imekwisha, na ya tatu ukaimalizia kwa wati 225. Kaka, moyo ni kama sufuria ya maji ya ugali, hauchemki palepale unapowasha jiko. Unachelewa dakika moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Wati haichelewi, kwa sababu kipimo kinasoma pale pale jinsi unavyoikandamiza pedeli na kasi unayoizungusha. Kwa hiyo anza na 265, ukae hapo hapo hata kama saa inaonyesha mapigo 138. Na zile za sekunde thelathini usiutazame moyo kabisa.

Mapigo yasome ukishaoga. Linganisha intavali ya kwanza na ya mwisho kwa wati zile zile: yakipanda kidogo ni kawaida. Ila miguu ikiwa mizito na moyo ukigoma kupanda, hiyo ni dalili ya uchovu. Geuza baiskeli urudi nyumbani, usibishane nao.

Halafu zile wati 250 zako, kiwango cha juu unachoweza kukishikilia kwa kama saa nzima, ulizipima Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari. Huko pwani hewa ni nzito zaidi, huenda ukaweza zaidi, lakini joto nalo linadai chake: damu inakwenda kwenye ngozi kukupoza, jasho linapunguza maji mwilini, moyo unapiga haraka kwa kazi ile ile. Pima upya alfajiri, kabla jua halijawaka. Dakika ishirini kwa nguvu zako zote, chukua wastani wa wati, zidisha kwa 0.95.

Na hiyo saa ya mkononi, mimi siiamini kwenye intavali. Inasoma damu kwa mwanga, na mtikisiko wa barabara unaichanganya. Tafuta mkanda wa kifuani, uuloweshe maji kabla ya kuuvaa.

Shemeji msalimie sana. Ukishapima, nitumie faili zima, siyo picha ya skrini.

Wako,
Juma