Shukrani kwa mzee wa stendi ya Malindi

Baba, sikukuuliza jina, lakini wema wako hauwezi kukaa moyoni mwangu peke yake.

Nilikuwa nikipanga kumleta mama yangu mgonjwa Malindi kutoka North Horr, ng'ambo ya jangwa la Chalbi. Njia niliyoitegemea ilikuwa ya Garissa na Hola. Mto Tana ukafurika, barabara ikakatika.

Ulinisikia nikiwauliza madereva, ukaniita: "Njoo ukae, mwanangu. Mgonjwa hapitishwi njia ya kubahatisha." Ukaomba karatasi, ukaniandikia safari kituo kwa kituo, kwa mkono wa mtu aliyeendesha lori maisha yake yote. Chalbi tuivuke ikiwa kavu tu, maana mvua ikinyesha ardhi ile ya chumvi hugeuka tope na gari huzama. Marsabit tujaze tangi, kisha lami hadi Isiolo, mama alale hapo. Baada ya Nairobi tulale Mtito Andei. Na hili hakuna aliyekuwa ameniambia: Mariakani tukate kushoto, tupitie Kaloleni hadi Mavueni, tusimchoshe mama kwa foleni za Mombasa.

Hukuishia hapo. Ulimpigia simu dereva mwenzako aliyeko Marsabit atuulizie hali ya jangwa. Pesa ya chai ukaikataa.

Mama amefika salama na anakuombea dua. Nanyi mnaozijua barabara zetu, mkimwona msafiri amekwama na mipango, mwiteni akae, mwandikieni njia.