Mabasi, boti na maji ya Mkanda vipangwe pamoja

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu msongamano wa jeti ya Mokowe, bara ya Lamu, ambapo wasafiri hushuka mabasi na kupanda boti za visiwani. Mabasi ya Mombasa na Malindi yakifika kwa kufuatana, abiria wote humwagika pale kwa wakati mmoja. Lori la bidhaa linarudi nyuma katikati ya watu, bodaboda zimejipanga hadi karibu na ngazi, hamali wanagombania mizigo, na mama mwenye mtoto mgongoni anashuka ngazi zenye utelezi huku akivutwa mkono na mabaharia wa boti mbili. Boti ya kwanza hujaa kupita kiasi, jaketi za kuokolea zimesokomezwa chini ya viti. Baada ya muda jeti inabaki tupu na manahodha wamejilaza wakingoja.

Vyombo vya kutosha vipo. Tunachokosa ni habari. Barabara ya kutoka Garsen ina vizuizi vya ukaguzi, kwa hiyo saa ya kufika hubadilika kila siku. Karani wa basi anajua kwa simu kwamba gari lake limepita Witu na lina abiria wangapi. Nahodha hajui lolote mpaka asikie honi.

Kwa watu wa kisiwa cha Pate shida ni kubwa zaidi. Boti za Mtangawanda, Faza na Kizingitini hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya bara na kisiwa cha Manda, na hapo maji yakipwa ni taabu. Kujaa nako huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, ndiyo maana ratiba ya kubandika ukutani haitusaidii kitu. Msafiri wa Faza anaambiwa maji yameshatoka, atafute pa kulala, hata kama anakwenda kuzika. Inaniuma, kwa sababu nyakati za maji hujulikana mwaka mzima kabla, na majedwali yake huchapishwa. Programu moja ya simu yaweza kuyaweka pamoja: basi liko wapi, Mkanda utapitika saa ngapi, boti ipi ina nafasi. Mwenye kabambe, simu ndogo isiyoweka programu, apate ujumbe mfupi. Msafiri akijua mapema, atapanda basi la usiku au la asubuhi kulingana na maji.

Nairobi walianza na kazi kama hii. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo, na mwaka 2014 ramani ya njia zaidi ya 130 ikatolewa. Matatu zile zina wenyewe wengi kuliko boti zetu.

Najua manahodha wanahofia kuletewa dalali wa mtandaoni atakayekata nauli yao. Hofu hiyo ni ya haki. Zamu ya kupakia ibaki mikononi mwao, na habari ziwe mali ya umma chini ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani, vivuko na bandari, kwa hiyo idara husika haihitaji kungoja Nairobi.

Iwaite makarani wa mabasi, manahodha wa Mokowe na wa Pate, na hamali pia, kabla ya Maulidi, wageni hawajaanza kumiminika. Mwanzo utoshe kwa karani kutuma ujumbe gari likipita Witu.

Msafiri wa Pate,
Lamu