Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Uajiri: Andikeni miaka kwenye fomu

Afande Mkurugenzi,

Salaam kwako na kwa maofisa wako. Wiki iliyopita vijana waliofika kwenye usaili wa idara yako ya usalama hapa Uganda walirudishwa getini kwa sababu ya swali moja: "Umewahi kutumia dawa za kulevya?" Waliojibu "Ndiyo" waliondolewa kwenye foleni kabla hawajaulizwa ni dawa gani wala walitumia mwaka gani. Sisi tunaowaandaa waombaji tumevumilia tangu usaili uliotangulia, pale wewe ulipoahidi kwamba vigezo, yaani mtu awe ameacha dawa kwa miaka mingapi, vitatolewa kwa maandishi. Hadi leo havijatolewa.

Afande, neno "umewahi" halina mpaka. Linamweka aliyeonja bangi mara mbili akiwa S3 (kidato cha tatu) kapu moja na anayejidunga heroini hadi leo. Na mairungi (miraa), je, yanahesabiwa? Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ya dawa za kulevya ya 2015 mwezi Mei 2023, kwa kuwa ilipitishwa bungeni bila akidi, na Bunge likapitisha nyingine mwaka huohuo. Mtu aliyetafuna mairungi katikati ya sheria hizo mbili ajibu nini? Fomu haisemi, na afisa wa getini naye hajui.

Kinachotuumiza zaidi ni hiki. Kazi ya usalama inataka mtu asiyeweza kutishwa kwa siri yake. Aliyesema ukweli hana siri tena; jambo lake liko kwenye faili lenu. Aliyejibu "Hapana" kwa uongo ndiye anayeingia kazini, na yule aliyekuwa akimuuzia anajua. Siku moja atampigia simu. Mnawafukuza wale ambao hakuna awezaye kuwabana, na ndani mnabaki na wenye kubanwa.

Tuje kwenye kipimo cha mkojo, maana hapo makosa ni mengi. Kijiti cha kuchovya kikionyesha mstari kwenye C (alama kwamba kijiti kinafanya kazi) na kwenye T (alama ya dawa inayopimwa), mtu ni safi, hata mstari wa T uwe hafifu kiasi gani. T ikikosa mstari ndipo kuna dalili ya dawa. C ikikosa mstari, kijiti ni kibovu, kitupwe na kipimo kirudiwe. Kwa kawaida kinasomwa baada ya dakika 5, na kikipita dakika 10 hakiaminiki tena. Vijiti vinapopangwa mezani kwa makumi na msomaji akawa mmoja, vya mwisho husomwa vikiwa vimekwisha muda, na T hafifu huandikwa "ana dawa".

Hata kikisomwa sawasawa, kijiti hakisemi mnachotaka kujua. Aliyevuta bangi mara moja huwa safi baada ya siku 3 hivi, lakini aliyekuwa akivuta kila siku kwa muda mrefu anaweza kuonyesha dalili hata siku 30 baada ya kuacha, kwa sababu bangi hukaa kwenye mafuta ya mwili. Heroini hutoka kwenye mkojo ndani ya siku 2 au 3. Kwa hiyo mtumiaji wa heroini akijizuia siku chache anapita, na aliyeacha bangi mwezi uliopita ananaswa. Dawa ya kikohozi yenye kodeini huleta majibu ya jamii ya heroini. Efavirenz, dawa ya virusi vya UKIMWI, hudanganya baadhi ya vijiti vya bangi. Mtu huyo ajitetee vipi mbele ya foleni nzima? Aulizwe faraghani na muuguzi, na sampuli ileile ipelekwe maabara kwa kipimo cha kuthibitisha. 

Wenzenu wameandika vigezo vyao. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, inataka mwombaji awe ameacha bangi angalau mwaka 1 kabla ya kuomba, na dawa nyingine haramu miaka 10. MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, haimkatai mtu kwa matumizi ya zamani peke yake, ila inataka asiguse kabisa tangu siku anayoomba. Wekeni miaka yenu, hata iwe mikali kuliko hiyo, mradi isomeke.

Kijana wa Koboko, mbali kaskazini-magharibi, alitafuta barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji), akaenda kwa GISO (afisa usalama wa gombolola), akapanda basi usiku kucha hadi Kampala kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya cheti cha tabia njema. Mama yake ameuza mbuzi. Angejua tangu tangazo lilipotoka kwamba hastahili, mbuzi angebaki zizini. Ibara ya 42 ya Katiba ya 1995 inampa haki ya kutendewa kwa uadilifu na afisa yeyote wa serikali, nawe ni mmoja wao.

Ondoeni "umewahi". Ulizeni ni dawa gani, mara ngapi, mara ya mwisho lini, na kama alitibiwa, alitibiwa wapi. Kisha mseme ni miaka mingapi. Tangazo lijalo likitoka bila miaka hiyo, kijana atatuuliza tena ajaze nini, na hatutamfundisha uongo. Andika miaka, Afande. Uliahidi.

Wako kwa heshima,
Waandaaji wa waombaji kazi