Zulia lako kutoka Teotitlán

Oaxaca, Meksiko

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na mama umsalimie sana. Hela ulizotuma zilifika na zulia nimeshanunua. Ila ulivyosisitiza "liwe la kale kweli", bora nikueleze mapema, usije ukalifungua ukanuna.

Nimelipata Teotitlán del Valle, kijiji cha Wazapoteki kisicho mbali na mji huu, ambako nyumba kwa nyumba utakuta watu wanafuma. Lile pambo la ngazi zinazojikunja mwishoni, ulilolipenda kwenye picha, hilo ni la kale bila ubishi. Limejaa kwenye kuta za Mitla, majengo ya mababu zao, kwa vipande vya mawe vilivyochongwa vikashikana pasipo chokaa. Maelfu ya vipande, shoga! Waongoza watalii watakwambia kila ngazi ina maana yake, na kila mmoja ana yake.

Sufu sasa ni habari nyingine. Kondoo waliletwa na Wahispania karne ya 16, na kitanda cha mfumi cha kukanyaga kwa miguu pia. Zamani walifuma pamba, ncha moja ya mtande, yaani zile nyuzi za urefu, imefungwa kiunoni mwa mfumaji. Wengine leo wanafuma hata michoro ya Picasso, kwa sababu watalii wanaitaka. Mimi hilo halinikeri. Wafume nini kama si kinachonunuliwa? Kinachonikera ni rangi ya kiwandani kuuzwa kwa bei ya kochinili.

Kochinili ni kidudu kinachoishi kwenye mpungate, ndicho kinachotoa rangi nyekundu. Hukaushwa kikasagwa kwenye jiwe, na kilo moja hula wadudu zaidi ya laki. Enzi za Wahispania, ukiacha madini ya fedha, hakukuwa na bidhaa ya Meksiko iliyoipita kwa thamani. Mama niliyenunua kwake aliweka unga wake kiganjani, akakamulia ndimu: ukageuka rangi ya chungwa palepale. Akanyunyizia magadi, ukawa zambarau. Kisha akanipeleka uani kwenye sufuria za rangi, ya nili ikinuka vibaya sana. Muuzaji asiyekuwa na sufuria ya kunionyesha, mimi sinunui kwake, hata aape.

Lako ni jekundu, na kijivu chake ni sufu ya kondoo mwenyewe, haikutiwa kitu. Usitarajie manyoya kama mazulia ya Kiajemi. Limefumwa bapa kama mkeka, pande zote mbili sawa, kwa hiyo uligeuze upande mmoja ukichakaa. Sabuni kali usiliguse nayo, maana magadi umeshasikia yanavyoufanya wekundu ule.

Binamu yangu anakuja Tanga mwezi ujao, atakuletea. Chenji yako ninayo, ila nimeipunguza kidogo: niliona mfuko mdogo wa pambo hilohilo, nikashindwa kuuacha. Ukiudai nitakutumia picha tu.

Wako,
Rehema