Mtumbwi wetu unavuja na watoto wanangoja ukingoni: tuchange

Jambo kwenu nyote, baba na mama zetu wa Ibanda, Kadutu na Bagira, na ninyi watoto wa Bukavu mnaosoma haya mkiwa mbali na ziwa lenu.

Naandika kwa niaba ya chama chetu kidogo cha wavuvi wa mshipi, kinachofundisha watoto kuvua kila Jumamosi. Naona haya kidogo, maana mwaka jana pia tulipiga hodi kwenu, mkatufungulia. Lakini mambo yaliyotupata Jumamosi iliyopita siwezi kuyanyamazia.

Walikuja watoto 22. Jile za kuokoa maisha tunazo 4, na moja kamba yake imekatika. Mtumbwi ni mmoja. Kwa hiyo watoto watatu wanapanda, wengine 19 wanakaa kwenye mawe wakingoja. Wale watatu wakirudi, wanavua jile zikiwa zinachuruzika maji, wenzao wanazivaa vilevile, baridi, na meno yanagongana. Siku hiyo binti mmoja wa miaka 12 alifikiwa na zamu yake baada ya kungoja tangu saa mbili asubuhi. Hakuvua hata samaki mmoja. Hakushika hata fito ya kuvulia. Muda wake wote ziwani aliutumia kuchota maji kwa bidoni iliyokatwa, kwa sababu ubao wa chini umeoza na maji yanaingia haraka kuliko mkono wa mtoto unavyoyatoa. Aliposhuka aliniuliza: “Papa, wiki ijayo nitavua?” Nilimjibu ndiyo. Jioni ile kamati ikakaa, ikaamua kwamba mtumbwi hautaingia tena majini na mtoto ndani yake mpaka utengenezwe. Basi nimekuwa mwongo mbele ya mtoto, na jambo hilo linaniuma.

Hatukuamua hivyo kwa woga wa bure. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, kule Goma, watu wakitazama kutoka nchi kavu. Makumi ya ndugu zetu hawakurudi. Na Ziwa Kivu letu, mnalijua, halina ufuko wa kushuka polepole. Unapiga hatua chache, chini hakuna chini. Katikati yake kina kinapita mita 450.

Wengine hutuuliza: uvuvi gani huo wa kutia watoto hatarini, na sambaza, wale samaki wadogo, wamejaa sokoni? Niwaeleze kidogo, maana nafikiri wengi hawajawahi kusimama karibu yetu wakaona. Sambaza wanavuliwa usiku, kwa taa na nyavu, na watu wazima wenye mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, wanaopiga kasia wakiimba. Ni kazi ya heshima, imelisha mji huu tangu samaki hao walipoletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Sisi tunafanya kitu kingine. Tunavua kwa nzi wa kuigiza. Unachukua ndoana ndogo, unaifunga manyoya ya shingo ya jogoo kwa uzi wa cherehani, unazungusha, unabana, unafunga fundo, mpaka inafanana na mdudu aliyeanguka majini. Ukiongeza uzi wa kumetameta, inafanana na sambaza mdogo anayekimbia. Nzi huyo hana uzito hata wa punje ya mchele, kwa hiyo hauwezi kumtupa kama unavyotupa risasi ya mshipi wa kawaida. Uzito uko kwenye uzi wenyewe, ule mnene wa kurushia. Unaupeleka nyuma, unangoja unyooke wote, ndipo unauleta mbele. Mtoto asiyejua kungoja anajifunga mwenyewe kama mbuzi kwenye kamba yake. Nimeona watoto wasiotulia darasani dakika tano wakitulia hapa asubuhi nzima, jicho kwenye nzi mmoja juu ya maji.

Ule mwiba mdogo ulio nyuma ya ncha ya ndoana tunaubana kwa koleo ili samaki mdogo arudi ziwani mzima. Hapa hakuna chandarua cha mbu. Mtoto aliyewahi kumrudisha tilapia mchanga kwa mkono wake mwenyewe, akamwona akiondoka, hatavua mayai na watoto wa samaki kwa chandarua akiwa mkubwa. Na kabla ya kuvua, kila Jumamosi, tunafanya salongo: tunaokota chupa za plastiki ambazo mvua imeziteremsha kutoka milimani, zile zile zinazoenda kuziba bwawa la umeme la Ruzizi tukabaki gizani. Chupa nzuri tunazungushia mishipi yetu.

Hatujasahau mlikotutoa. Mabati ya banda letu ni yenu. Mama zetu wa soko la Kadutu bado wanatuwekea manyoya ya jogoo kwenye mifuko, bila kuombwa, na mmoja hutuma na limau za chai. Fundi cherehani mmoja anatupa mabaki ya nyuzi, rangi zote. Mungu awaongezee.

Sasa hesabu. Mbao, misumari, pamba na lami ya kuziba mianya: dola 140. Fundi: dola 60. Jile 20, kila moja dola 15: dola 300. Nyuzi 2 nene za kurushia, ambazo hazipatikani mjini: dola 80. Jumla ni dola 580. Wanachama wenyewe, na hali ya pesa tunaijua wote, tumeshachanga dola 165. Zimebaki 415. Anayeweza jile moja, alete jile moja. Anayeweza franka za misumari, misumari hiyo itashika ubao.

Kuna ndugu watatu walioahidi mwaka jana mbele ya watu wote, na majina yao bado yako kwenye daftari bila alama. Hatuyasomi. Tunajua miaka imekuwa mizito. Ila daftari liko wazi, na mlango pia. Na ninyi mliojengewa na Mungu nyumba zinazotazama maji haya kila asubuhi, watoto wanaongoja kwenye mawe mnawaona kutoka dirishani. Yule mtoto wa Injili alikuwa na mikate mitano na samaki wawili tu, akavitoa.

Kila mchango utaandikwa, utapewa risiti, na watu watatu watatia sahihi. Orodha ya mapato na matumizi itabandikwa kwenye mlango wa banda wiki mbili baada ya kazi kuisha. Mwenye kutuma kwa simu atumie namba iliyo kwenye kadi za mchango, asitume kwa mtu mwingine yeyote, hata akisema ametumwa na kamati.

Tutakutana Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya misa ya pili, pale bandani. Watoto watawaonyesha namna ya kufunga nzi na kurusha uzi, juu ya majani, si majini. Fundi amekubali kuanza Jumatatu yake asubuhi tukimpa nusu ya pesa ya mbao. Mtumbwi tumeshaupindua, uko juu ya magogo, unamngoja.